Ndoo ya Maji Usiitupe, Mwenye Ukumbi

Wiki iliyopita kaniandikia msomaji mmoja wa Bagamoyo: "Shikamoo mama. Najenga ukumbi mdogo wa shughuli. Fundi anauliza sehemu ya kunawia mikono pale mlangoni aweke au aache, maana korona ilishapita. Nami naona itanilia nafasi."

Marahaba mwanangu. Mwambie aweke.

Wengi mnanijua kwa maturubai na viti ninavyokodisha hapa Ngamiani, Tanga, na kwa pilau. Machi 17, 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa nchini, Waziri Mkuu Majaliwa alifunga shule na kuzuia mikusanyiko. Ilikuwa tunaingia Shaabani, mwezi ambao watu wa pwani wanaozesha kwa fujo kabla Ramadhani haijafika. Mchele ulishashushwa stoo. Kuku walishalipiwa. Simu zikawa zinalia moja baada ya nyingine, kila mtu anataka advansi yake irudi leo leo. Ofisi moja, ambayo siitaji, ilikuwa imeniagiza chakula cha semina kwa mdomo tu. Nilinunua kila kitu, wao wakakata simu. Mpaka leo nikipita mlangoni pao natazama upande wa pili wa barabara.

Tuyaache. Shule zilipofunguliwa Juni 29, kazi zilirudi kwa kishindo, watu wana njaa ya ngoma. Serikali imeruhusu, sawa, ila ukumbini pako unafanyaje? Hilo ulijipangia mwenyewe. Wenzangu walirudi kama zamani. Mimi nikaweka maji tiririka na sabuni kwenye kila njia ya kuingilia, nikatenganisha viti mita moja, nikafuta kujipakulia: wasichana wangu wanapakua, barakoa usoni, na kijiko cha mchuzi hakishikwi na mgeni.

Mwenyekiti wa kamati ya harusi moja alikuja asubuhi kukagua. Akazunguka, akavuta kiti kimoja kukisogeza kwa mwenzake, mimi nikakirudisha. Akavuta tena. Nikarudisha tena. Akasema kwa sauti ili vijana wa mapambo wasikie: "Mama, hii harusi au mtihani wa darasa la saba?" Wakacheka mpaka waliokuwa juu ya ngazi. Shughuli ya pili ya ukoo ule akampa mtu mwingine. Iliniuma, siwafichi.

Mwaka uliofuata wimbi jipya likaja, barakoa zikarudi kuhimizwa, na Julai 28, 2021 Rais Samia akachanjwa hadharani kuzindua chanjo. Wiki chache baadaye nani ananipigia? Yule yule. Anamwoza mdogo wake, na wazee wa upande wa pili wamesema hawaji mpaka wahakikishiwe nafasi na hewa. Sikumkumbusha neno. Bei ndiyo niliipandisha kidogo.

Sasa ushauri. La kwanza kabisa ni hewa. Ugonjwa ule ulikuja kubainika kwamba unasafiri zaidi kwa pumzi za watu waliobanana ndani kuliko kwa meza na vitasa tulivyovipangusa mpaka rangi ikatoka. Kwa hiyo mwanangu, madirisha yako yatazamane, na upande mmoja uelekee kusini, ili miezi ya kusi upepo uingie huku na kutokea kule. Kiyoyozi cha ukutani kinapoza hewa ile ile mliyokwisha kuipumua, hakileti mpya. Nimeona kumbi za mamilioni zimefungwa vioo kila upande, bwana harusi analowa jasho na nusu ya wageni wanaondoka na mafua. Mnaita kisasa.

Ndoo nayo? Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya dharura imekwisha, kirusi chenyewe hakijahama. Na hata kingehama, sisi tunakula kwa mkono, sinia moja watu wanne, na kipindupindu hakingoji kutangaziwa. Maji yanayotiririka, sabuni, sekunde 20. Kitakasa mikono kiwe na spiriti asilimia 60 au zaidi, tena mkono wenye mafuta ya kuku hakiufai kitu. Chakula nacho kikae juu ya moto, zaidi ya nyuzi 60, maana hotuba za wazee wetu mnazijua urefu wake, na pilau lililopoa kwenye joto hili la pwani saa mbili ni nyingi.

Vijana mnapenda biashara ya shughuli kwa sababu ya taa na picha. Mnakopa mkanunue mapambo, jikoni kuna beseni moja la kuoshea sahani za watu mia tatu. Mgeni akiumwa tumbo hatataja mapambo, atakutaja wewe, na Tanga hii habari inafika Raskazone kabla hujakunja turubai. Jifunzeni! Mimi sikusomea afya, nilisikiliza redio tu na kuwauliza manesi.

Na andikishianeni. Weka sharti kwamba serikali ikizuia mikusanyiko, advansi inahamia tarehe nyingine, na bidhaa zilizokwisha kununuliwa mteja anazilipia. Asaini mwenyekiti na mweka hazina, wote wawili, kabla ng'ombe hajanunuliwa. Ikiwa ni ofisi, mwanangu, dai na muhuri.