Mzee Akisema "Migi": kwa wanaoanza kukusanya habari za vita

Kila msimu wanakuja wapya, na kila msimu madaftari yao yanarudi na mstari uleule: "Mzee aliiona MiG-21 ikipita juu ya Kyaka", yaani ndege ya kivita ya Kirusi, pale penye daraja la mto Kagera, katika vita vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin vya 1978 na 1979. Ukiisikiliza sauti yenyewe, mzee hakutaja ishirini na moja popote. Alisema "Migi", basi. Ishirini na moja imeongezwa na kijana aliyekesha akisoma habari za ndege. Tunawapenda kwa huko kukesha, maana kazi hii haina mshahara na anayeingia ameingia kwa moyo. Lakini kuruta wa mwaka 1978 leo anaukaribia mwaka wa sabini au ameshaupita, waliokuwa maofisa wamevuka themanini, na wale wa Keya (KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki) waliokwenda Burma katika Vita Kuu ya Pili karibu wote wameshalala. Mzee mmoja humpati mara mbili akiwa na kumbukumbu ileile. Someni haya kabla hamjapanda basi.

1. Usimtajie mzee kitu ambacho hajakitaja yeye.

Hapa tutakaa, kwa sababu ndipo tulipoharibu sisi tuliowatangulia, na tuliharibu vibaya.

Swali letu la kwanza, lililoandikwa kwa kalamu juu kabisa ya karatasi, lilikuwa: "Mzee, Migi zilipovunja daraja la Kyaka, wewe ulikuwa wapi?" Tuliliona swali zuri. Lina mahali, lina tukio, linamfungulia mtu mlango. Mzee akajibu alikokuwa: upande wa kusini wa mto, karibu na migomba, na mlipuko aliusikia. Tukaandika kwamba shahidi wa macho ameona ndege zikilivunja daraja. Tukamwuliza wa pili swali lilelile, akatupa jibu la kufanana. Wa tatu naye vilevile. Tukafurahi: mashahidi watatu wamekubaliana!

Hawakukubaliana kwa lolote. Majeshi ya Amin yaliingia Kagera mwisho wa Oktoba 1978, na ndege zao zilijaribu kweli kulipiga daraja lile. Zikashindwa. Daraja lilivunjwa siku chache baadaye kwa baruti iliyotegwa darajani kwenyewe. Wazee wetu watatu walisikia mlipuko, na mlipuko ulikuwepo. Ndege nazo waliziona, na ndege zilikuwepo. Aliyezifunga ndege na mlipuko kwenye kamba moja ni sisi, ndani ya swali.

Mtauliza kwa nini hawakutusahihisha. Fikirini walivyotupokea. Mgeni ametoka mbali, ameamkia shikamoo kwa heshima, ameleta sukari na majani ya chai, ana karatasi zilizochapwa. Mzee anamwona huyu ni msomi, bila shaka ameyapata haya mahali. Kumwambia mbele ya wajukuu "hapana mwanangu, umekosea" ni kumvunjia mgeni uso. Kwa hiyo anajibu ile sehemu ya swali anayoijua, yaani alikuwa wapi, na ile nyingine anaipita kimya. Kimya kile tulikihesabu kuwa ndiyo.

Tulipogundua, tukarudi kuuliza upya. Tumechelewa. Mmoja alikuwa ameshafariki. Mwingine alikuwa amekwisha kuwasimulia wajukuu mara nyingi kwa namna yetu, na sasa anaziona ndege zikilivunja daraja, anaziona kabisa, hadi moshi. Hasemi uongo. Tuliipanda picha ile kichwani mwake na ikaota. Ukurasa wetu nao ulikuwa umeshanakiliwa na wengine, kila mmoja akiandika "kwa mujibu wa mashahidi watatu". Hadi leo tukiukuta mstari ule tunajua umetoka kwetu, na hatuna la kufanya zaidi ya kuwaambia ninyi.

Sasa, swali la kufungulia liwe tupu: "Mzee, tueleze siku ile tangu ulipoamka." Halafu nyamaza. Akinyamaza na yeye, hesabu polepole hadi kumi kabla hujafungua mdomo. Mara nyingi jambo lenyewe linakuja kwenye saba au nane. Ukitaka kuendelea, rudisha neno lake yeye: "Umesema mlipuko. Kabla ya mlipuko ulisikia nini?" Kama hakusema ndege, ndege haipo kwenye swali lako.

2. "Migi" ni nini?

Kwa wazee wengi, Migi ni ndege yoyote ya kivita yenye sauti ya jeti. Jeshi la Uganda lilikuwa na MiG-17 na MiG-21, pia L-29 na Magister za mafunzo. Upande wetu nao ulikuwa na ndege za ukoo huohuo wa MiG, zikiwemo zilizotengenezwa China. Neno moja linabeba zote, za adui na zetu.

Mwache aoneshe kwa mikono. Mikono ina kumbukumbu ambayo ulimi hauna. Mabawa yaliyolala nyuma, na bawa dogo la mkia limekaa juu, katikati ya mkia uliosimama: hiyo inaelekea MiG-17. Bawa la pembetatu na mwili kama bomba, mabawa madogo ya mkia yakitoka kwenye mwili wenyewe: MiG-21. Akionesha mkia wa vidole viwili vilivyotanuka kama herufi V, hiyo ni Magister, wala usimbishie eti ilikuwa ya mafunzo tu. L-29 mabawa yake yamenyooka na bawa la mkia limekaa juu kabisa kama herufi T.

Ukiwa na picha, hesabu zile kuta nyembamba za bati zilizosimama juu ya bawa: MiG-15 ina mbili kila upande, MiG-17 ina tatu. F-6 ya China ina moja kubwa kila bawa, na nyuma ina matundu mawili ya moto, kwa kuwa ina injini mbili. Kwa MiG-21 tazama ule mshale mrefu wa puani: za mwanzo umekaa chini ya mdomo wa hewa, za baadaye umehamia juu. Kioo cha rubani kwenye zile za mwanzo kinafunguka kwa kuinukia mbele pamoja na kioo cha upepo. Za baadaye kinafungukia pembeni.

Na kuweni na huruma katika hesabu. Jeti inayopita chini kwa kilomita 900 kwa saa inakata mita 250 kila sekunde. Mtu aliyelala mtaroni, mbele yake kuna kilomita moja ya wazi, anaiona kwa sekunde nne. Ndani ya sekunde nne anatafuta pa kujificha, hahesabu bati za bawani. Akikumbuka rangi na sauti tu, amekumbuka mengi.

3. Karatasi ya vivuli itoke mwisho.

Chora vivuli vyeusi vya ndege sita, vyote ukubwa mmoja, bila majina wala bendera. Nne ziwe zile zinazowezekana, mbili ziwe ambazo hazikuwepo kabisa kwenye vita hivyo, kwa mfano Hunter na Spitfire. Changanya mpangilio kila unapokwenda kwa mtu mpya. Mzee akichagua Spitfire usicheke, wala usikunje uso. Andika "kivuli namba 5" na uendelee. Sasa umejua uchaguzi wake wa kivuli hauna uzito, ila simulizi yake uliyoichukua kabla iko salama, kwa sababu ilitangulia. Wengi mnaanza na kitabu cha picha za rangi. Mzee anaelekeza kidole kwenye ndege nzuri kuliko zote, na kazi imekwisha hapo.

4. Simu mbili za kurekodi, zote kwenye hali ya ndegeni, moja mbele ya mzee juu ya kitambaa na moja mbali na jogoo.

5. Maneno ya askari yaandikeni yalivyo.

Msimgeuzie mzee "kombania" kuwa "kundi", wala "platuni" kuwa "kikosi kidogo". Kombania ina ukubwa wake na kamanda wake, na neno hilo ndilo litakalokusaidia kujua alikuwa sehemu gani ya mstari. Angalieni pia mahali neno linaposemewa. Mtanzania akisema Sabasaba mnafikiri tarehe 7 Julai. Mganda aliyekuwa Masaka mwaka 1979 akisema Saba Saba anazungumzia mizinga ya roketi ya Watanzania, BM-21, yenye matundu 40 ya milimita 122. Kuna aliyeandika kwamba "shambulio lilifanyika Julai" kwa sababu hiyo, wakati Masaka ilichukuliwa Februari na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili.

Tenganisheni pia kilichoonwa na kilichosikika redioni. Hotuba ya Mwalimu ya Novemba 1978 kila mtu anaijua, na maneno yake ya uwezo, sababu na nia yameingia katika simulizi za watu waliokuwa porini kusiko na redio. Swali ni jepesi: "Hilo ulilisikia wapi, mzee, na nani alikuwa karibu?"

6. Karatasi za babu aliyekwenda Burma.

Hapa mtu mwenyewe hayupo. Kuna kopo la biskuti chini ya kitanda. Ndani mna nishani, cheti na picha mbili. Nishani usiisugue kwa dawa ya shaba, maana maandishi yanalika. Soma jina la nishani kwenye chuma chenyewe, usitegemee utepe peke yake, kwa sababu tepe hubadilishwa. Hata hivyo utepe wa Burma Star unatambulika: nyekundu pana katikati, buluu iliyokoza pande zote, na mstari wa chungwa ndani ya kila buluu. Africa Star ni rangi ya mchanga, nyekundu katikati, na mistari miembamba ya buluu iliyokoza upande mmoja na buluu nyepesi upande wa pili. Mwenye hiyo huenda alikuwa Habeshi (Ethiopia) kabla ya Burma. Picha ipigeni mbele na nyuma. Nyuma andika kwa penseli laini pembeni, kamwe si kalamu ya wino.

Ukishapata namba ya batalioni, shajara za vita za Burma ziko Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, Kew, London, kwenye mfululizo wa WO 172. Za skwadroni za ndege ni AIR 27: fomu 540 ni muhtasari wa siku, fomu 541 ndiyo inayotaja kila ndege na kila rubani. Anzeni na 541. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw katika mvua za 1944 ikilishwa na ndege, ikaiteka Kalewa mwanzoni mwa Desemba. Kwa hiyo ndege ambayo babu angeikumbuka kuliko zote ni Dakota, injini mbili, mlango wa kushoto umeondolewa, magunia ya mchele yanasukumwa nje, mengine bila mwavuli, yakiwa yameshonewa gunia ndani ya gunia ili la ndani lisipasuke. Mnaandika kurasa kumi za Hurricane, ndege ya kupigana, na mstari mmoja wa Dakota. Geuzeni.

Na mnaochora au kuunda vielelezo: ndege za Uingereza kule Burma zilifutwa duara jekundu la katikati ya alama yao, zisifanane na jua la Mjapani. Ukitia nyekundu umechora ndege ya Ulaya.

Familia ikisema babu "alizama na meli akienda Burma", tazameni kwanza Khedive Ismail, iliyopigwa na nyambizi ya Japani karibu na visiwa vya Maldives tarehe 12 Februari 1944, ikitoka Mombasa kwenda Colombo. Walikufa watu 1,297, wengi wakiwa wa rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki. Majina yatafuteni kwenye East Africa Memorial, makaburi ya vita ya Nairobi.

7. Chuma.

Namba iliyopakwa rangi kwenye mkia wa ndege ya maonyesho isiaminiwe. Ndege hupakwa upya na kuvishwa sura ya nyingine. Ombeni kuona kibamba cha mtengenezaji kilichopigiliwa ndani. Ndege iliyosimamishwa mbele ya kambi usiipige picha bila ruhusa ya lango. Pale Fort Jesus, Mombasa, kuna mzinga wa Königsberg na mzinga wa Pegasus, manowari za Vita Kuu ya Kwanza, ya Kijerumani na ya Kiingereza, na wapya huwa wanaichanganya kwenye picha. Wa Kijerumani tundu lake ni milimita 105, wa Kiingereza ni inchi 4, yaani karibu 102. Milimita tatu hazipimwi kwa rula ya shule. Beba kalipa, kile kifaa cha kupimia kipenyo, na upime kutoka tuta hadi tuta, yale yaliyo kati ya mifereji ya ndani ya mtutu. Ukipima kutoka mfereji hadi mfereji utapata kubwa na utaibadilishana mizinga hiyo.

Ukikuta kombora shambani Kagera, usiguse, usisafishe, usilibebe kumwonesha mzee. Weka alama mbali nalo, toa taarifa polisi.

8. Msomeeni.

Mkishaandika, rudini kwa mzee na karatasi zilizochapwa herufi kubwa, mkamsomee polepole mbele ya mtu wa nyumbani. Mpeni kalamu. Atakata jina la kijiji mlilolikosea, ataongeza jina la mwenzake aliyekuwa amebeba redio, na mahali mlipoandika "MiG-21" ataweka mstari, juu yake aandike kwa mkono wake: Migi.