Dar hadi Guangzhou
Ni kama kilomita 8,700 kwa mstari wa angani, na ndege ya moja kwa moja huchukua takriban saa 10. Kurudi huwa kurefu kidogo kwa sababu pepo za juu kule Asia huvuma kutoka magharibi, kwa hiyo ndege inazipokea usoni. Usihesabu muda kwa kutoa tu saa zilizoandikwa kwenye tiketi, maana kila mji una saa zake na China iko mbele yetu kwa saa 5. Ukiruka Dar saa 4 asubuhi, utatua saa 7 usiku wa kule, ambapo Dar ni saa 2 usiku. Ukipitia Dubai, angani pekee ni kama saa 13, bado kusubiri.