Nimekipamba chumba chetu, sasa mume wangu analala sebuleni

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga, ndoa yetu ina miaka 11. Mume wangu ni dereva wa malori, anakwenda Lubumbashi, akitoka harudi chini ya wiki tatu. Mwezi uliopita nilipokea mchezo, milioni moja na laki nane, nikaamua kukitengeneza chumba chetu cha masta kabla hajarudi, nimfanyie sapraizi. Nilitoa magunia na mabegi yote, nikapaka rangi, nikanunua kitanda cha mtiki cha futi 6 kwa 6 na kabati la milango mitatu. Kile cha zamani cha mninga, alichochongesha alipokuwa anajiandaa kunioa, fundi alikichukua akanipunguzia laki mbili. Ukutani nimetundika picha tatu nilizotengeneza mwenyewe. Mbili ni khanga za marehemu mama, nimeziwamba kwenye fremu: moja ina jina "Mdhaniaye ndiye kumbe siye" na nyingine "Wazazi ni dhahabu, kuwatunza ni thawabu". Ya tatu nimechora jahazi na minazi kwa rangi ya mafuta iliyobaki. Nikaweka stetasi WhatsApp, watu wakanisifu sana. Mume wangu aliporudi alisimama mlangoni, akasema chumba kimekuwa makumbusho ya mama yangu, haya mambo ya kizungu na hizi picha za kitoto nizitoe. Tangu siku hiyo analala kwenye kochi, anasema chumbani kuna joto. Wifi yangu naye ananicheka. Nizitoe picha ili yaishe? Naumia, maana ni kazi ya mikono yangu.
Mama Watatu, Tanga

Marahaba, mwanangu. Pole, na hongera vilevile. Umepokea fedha yako ya mchezo, ukaacha kuipeleka sebuleni wanakokaa wageni, ukaipeleka chumbani mnakolala wewe na mumeo. Nyumba nyingi masta ndiyo imegeuzwa stoo, na mume na mke wanalala wamezungukwa na magunia ya mchele hadi wanazeeka. Ulichokitamani ni chema, nami niko upande wako.

Picha usizitoe zote. Ila tuziache kwanza, kwa sababu kwenye barua yako kuna sentensi uliyoipita mbio, nami nimekwama hapo. Kitanda cha mninga, alichochongesha alipokuwa anajiandaa kukuoa, kimekwenda kwa fundi kwa laki mbili. Yeye hakuulizwa. Huko barabarani hakujua.

Hebu kaa ulitazame hilo kwa macho yake. Kijana anayejiandaa kuoa huanza na kitanda na godoro, hata kama sahani anaazima. Aliweka fedha kidogo kidogo, akachagua mbao, akaenda kwa seremala kuulizia kila wiki kama kimekwisha. Kwenye kitanda hicho alikuingiza bibi harusi, na bila shaka ndipo walipolala wanenu wakiwa wachanga. Amerudi safari, amefungua mlango, hakipo. Mwanamume wa namna hiyo mara nyingi hawezi kusema "nimeumia kwa ajili ya kitanda", anaona ni jambo dogo mno kumtoa machozi mtu mzima. Kwa hiyo akashika kilicho karibu, zikawa picha. Ninavyoona mimi, ugomvi wenu uko kwenye kitanda, na ungezitoa picha zote leo bado angelala kwenye kochi.

Ukaongeza na stetasi. Hukuniambia kama aliiona, lakini namba yake imo kwenye simu yako kama za wengine, na dereva anayesubiri zamu mpakani Tunduma ana saa nyingi za kutazama simu. Kama ndivyo, basi jirani, shoga zako na wifi yako wote walikiona chumba chake kabla yake. Sisi watu wa pwani chumba cha ndani tunakisitiri. Hata mgeni wa heshima huishia sebuleni. Sikulaumu kwa kufurahi, ila furaha ile ilikuwa haki yake kuionja wa kwanza.

Sasa tuje kwenye khanga. Mwanangu, unajua kama ninavyojua mimi kwamba khanga inasema. Wanawake wamepelekana ujumbe kwa majina ya khanga miaka yote hii, wakatukanana na kutakana radhi bila kufungua kinywa. Wewe ulipoitazama ile khanga ulimwona mama yako, pindo lake, rangi alizozipenda, pengine na harufu ya udi wake. Mumeo hakumwona mama. Ameingia kutoka safari ya wiki tatu, akamkuta mkewe amebadili kila kitu, na juu ya mto wake ukuta unamwambia "Mdhaniaye ndiye kumbe siye". Wewe ungelala hapo? Mtu aliye mbali na nyumbani nusu ya mwaka huwa na woga wake wa kimyakimya, kwamba siku moja atarudi akute hana nafasi tena. Ile khanga imemgusa palepale. Naamini hukukusudia, lakini jina limesomeka.

Nilisema niko upande wako, basi nikutetee kwa mawili aliyoyasema.

Kuhusu "mambo ya kizungu", hapana. Nenda Lamu, ingia kwenye nyumba za mawe zilizojengwa karne ya 18. Kadiri unavyoingia ndani ndivyo mapambo yanavyozidi, na kwenye ndaka, vile vyumba vya ndani kabisa, utakuta ukuta umejaa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, zilizochongwa kwa chokaa, humo wakiweka bakuli na sahani za kaure zilizovuka bahari. Vitanda vya samadari vilivyonakshiwa, mikeka ya ukindu yenye ukili wa rangi, vyote vilikuwa vya vyumbani, na mikeka ile ilishonwa na wanawake wenyewe. Kukipamba chumba cha kulala kwa kazi ya mkono wa mwenye nyumba ni jambo letu la zamani. Tuliloliacha tumeliacha wenyewe.

Kuhusu "picha za kitoto", mwambie habari za Edward Saidi Tingatinga. Alitoka upande wa Tunduru, hakusomea sanaa shule yoyote. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akiwa Dar es Salaam alianza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi ya mafuta, ile wanayopaka baiskeli. Alifariki mwaka 1972, miaka michache tu tangu aanze, na leo mtindo wake unabeba jina lake dunia nzima. Sisemi jahazi lako litafika huko. Nasema rangi iliyobaki kwenye kopo na mkono usiosomea si sababu ya mtu kuona haya. Tena umechora chombo na minazi, hamna kiumbe chenye roho, kwa hiyo hata anayechunga hilo kwa ajili ya dini hana la kukataza.

Ufanye nini? Nenda kwa fundi leo, usingoje kesho. Muulize kile kitanda kiko wapi. Mninga ni mti wa msituni unaokua polepole, mbao zake haziumuki kirahisi wala wadudu hawazipendi, na fundi anayezijua hawezi kuziacha zikae muda mrefu. Laki mbili ulipunjwa, lakini hayo yamepita. Kama kipo kizima, kirudishe hata kwa kuongeza kidogo juu ya bei yake, kiwekwe chumba cha watoto wakubwa. Kama ameshakibomoa, nunua kichwa cha kitanda, au matendegu, au ubao wowote uliobaki, na umtake akukatie fremu kwa mbao hizo. Kama kimeuzwa na hakipatikani, usitafute cha kufanana nacho ukamdanganya. Mwambie kimekwenda.

Kuzungumza naye ni bora kuliko yote hayo. Chagua jioni watoto wamelala na yeye ameshakula. Usimwitie chumbani, kaa naye hapohapo kwenye kochi. Sema maneno machache: "Baba Fulani, nilitoa kitanda chako bila kukuuliza. Nilikosea, nisamehe." Kisha nyamaza. Usiongeze "lakini nilitaka kukufurahisha", usitaje fedha za mchezo, usimkumbushe magunia. Mwache anyamaze anavyotaka. Akikusimulia alivyokipata kitanda kile, msikilize mpaka mwisho hata kama ulishaisikia. Siku hiyo usilete habari ya picha.

Picha zije baadaye. Ile ya "Mdhaniaye" ishushe wewe mwenyewe kabla hajakwambia tena. Khanga ina sentimita 150 hivi kwa 110, kwa hiyo kama hukuikata una kitambaa cha kutosha: ifungue, ikunje upya kwenye fremu ili mbele pabaki mji, ile sehemu ya kati, na kipande cha pindo, jina liende nyuma ya ubao. Mama yako atabaki, na ukuta hautamsema mtu. Kama ulishaikata usiitupe, ishone foronya za mito ya sebuleni kwa kile kisicho na maandishi. Ile ya "Wazazi ni dhahabu" ni nzuri sana, lakini itoe chumbani, itundike sebuleni au ukumbini, watoto waisome kila wakipita. Kitandani kwenu msilale na wazazi, wa kwako wala wa kwake.

Jahazi libaki, ila si juu ya kichwa chake. Mwulize likae wapi, na msumari apige yeye. Nakuomba usilichukulie hili kama ujanja wa kumpoza mume. Chumba kile hakina kitu hata kimoja alichokiweka kwa mkono wake, na ndicho kinachokosekana. Nina hakika kabatini una vitenge alivyokuletea kutoka Lubumbashi, huyo si mume anayerudi mikono mitupu kutoka Kongo. Mtoe kimoja anachokipenda, mchague pamoja kipande cha kati, uwambe juu ya kitambaa cha amerikani kwenye fremu ya ule mninga, kama umepatikana. Hiyo ndiyo iwe juu ya kitanda.

Kwa kazi yenyewe: Tanga ni pwani, kuna unyevu. Kitambaa kifuliwe, kikauke kabisa na kupigwa pasi kabla hujakifunga nyuma ya kioo, la sivyo kitaota ukungu. Fremu isigandamane na ukuta, iachiwe upenyo. Ukuta unaopigwa na jua la dirishani usiwekewe khanga, rangi itapauka. Na juu ya vichwa vya waliolala msitundike kioo kizito. Juu ya kitanda kaeni na kitambaa kitupu.

Limebaki joto. Amesema chumbani kuna joto, nawe umelichukulia kuwa kisingizio. Inawezekana. Lakini nenda ukalikague kama ni kweli, kwa sababu mtu akipewa kisingizio chake kwa heshima huwa hana tena sababu ya kukishikilia. Kitanda cha 6 kwa 6 kwenye chumba cha futi 10 kwa 12, kikikaa katikati ya ukuta wa futi 10, kinaacha futi 2 tu kila upande. Je, lile kabati la milango mitatu limeziba dirisha? Kama limeziba hata nusu, lisogeze hata kama upande mwingine halipendezi, na uliachie nafasi ya kiganja kati yake na ukuta. Likiwa ni la MDF, zile mbao za unga uliogandamizwa, liinue kwa vipande vya mbao chini, maji ya kudeki yakilifikia litaumuka. Feni bado inaelekea kitanda kilipokuwa zamani au kilipo sasa? Chandarua je? Cha zamani hakitoshi kitanda kipana, mtu akilala pembeni mguu unagusa neti na mbu anauma kupitia humo. Rangi ya mafuta nayo hutoa harufu siku nyingi chumba kikifungwa. Lile jahazi lianike kivulini nje hadi harufu iishe, na madirisha yawe wazi mchana kutwa. Mtu aliyelala kwenye kabini ya lori wiki tatu akivuta moshi wa dizeli anastahili hewa safi akifika kwake.

Wifi yako usimjibu. Anacheka kwa sababu ameona kaka yake analala sebuleni, siku atakapoona amerudi chumbani atatafuta jingine. Kuhusu simu yako, stetasi ya chumba hicho isirudi tena, na ndugu uliowatumia picha waombe wazifute, bila maelezo marefu. Zilizobaki kwako zitunze, hasa kama kuna yoyote inayoonyesha kitanda cha mninga kabla hakijatolewa. Mumeo huenda akaitaka.