Kopo la Januari na maswali mengine

Wiki iliyopita niligusia 2,147,483,647 kama namba ninayoipenda, nikapita. Wasomaji hawakupita. Haya hapa majibu.

Inasomwaje?

Bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne na elfu themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Vuta pumzi.

Ina nini hasa cha kupendwa?

Tia shilingi moja kwenye kopo tarehe 1 Januari. Kesho yake tia mbili, keshokutwa nne, kila siku mara mbili ya jana. Siku ya kumi kopo lina 1,023, na hapo bado unacheka. Siku ya ishirini umevuka milioni. Tarehe 31 ukihesabu zote, unazikuta 2,147,483,647 kamili. Kwa lugha ya darasani ni 2 kwa kipeo cha 31, toa 1.

Ni kweli haigawanyiki?

Kweli, ni namba tasa: hugawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu. Aliyethibitisha ni Mswisi Leonhard Euler, akamwandikia mwanahisabati mwenzake Bernoulli mwaka 1772, macho yakiwa yamekwisha karibu kabisa. Mimi na wewe tungejaribu kuigawa kwa kila namba tasa mpaka 46,340, maana kipeuo chake cha pili hakifiki 46,341. Hizo ni maelfu. Euler aliona njia ya mkato: kigawo chake, kama kingekuwepo, ukikigawa kwa 248 lazima kibaki 1 au 63. Ukiacha 1, chujio hilo linapitisha namba 373 tu, na nyingi kati yake si tasa, unazitupa. Hapo ndipo ninapomvulia kofia: hakuhesabu haraka kuliko wengine, alijua zipi asizihesabu.

Ndiyo tasa kubwa kuliko zote?

Wapi! Tasa hazina mwisho. Kubwa iliyopatikana Oktoba 2024 ina tarakimu 41,024,320.

Nilijifunza kuandika programu, nikaongeza 1 kwenye namba hiyo, ikawa hasi. Nimekosea wapi?

Hujakosea, umejaza kopo. Kompyuta huandika namba kwa biti, yaani tarakimu za 0 na 1. Namba ya biti 32 hutumia biti moja kwa alama ya chanya au hasi, na 31 kwa namba yenyewe. Zikijaa, moja ya ziada inaigeuza kuwa -2,147,483,648. Desemba 2014 YouTube walitangaza kuwa wamelazimika kupanua kihesabio chao kwa sababu ya video moja ya Kikorea kutazamwa kupita kiasi hicho.

Na habari za kompyuta kuvurugika mwaka 2038?

Ni kopo lilelile. Mifumo mingi ya kompyuta hujua saa kwa kuhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970, na ya zamani huziweka kwenye biti 32. Mingi imekwisha kuhamia biti 64. Wasiwasi ni vifaa vya zamani ambavyo hakuna anayevikumbuka. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki, kopo litajaa 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, na sekunde 7. Sekunde inayofuata, kifaa ambacho hakijarekebishwa kitadhani ni Desemba 1901.