Maswali Yenu: Mtoto, Miguu na Baiskeli Njia ya Shule

Mwanangu ana miaka 8, yuko darasa la pili. Shule haifiki kilomita moja na nusu, ila Barabara ya Morogoro iko katikati. Bodaboda anampitia kila asubuhi na kumpakia mshikaki na wenzake wawili. Roho yangu haitulii. Je, ameshafikia umri wa kwenda kwa miguu mwenyewe?
*Mama, Magomeni*

Kutembea ameshafikia, mama. Kuvuka barabara ile peke yake, bado. Ni mambo mawili, na wazazi wengi huyafanya moja. Umbali huo ni dakika 25 hivi kwa mwendo wa mtoto, wala hautamdhuru. Tatizo ni kwamba mtoto wa chini ya miaka 10 hivi hajui kukadiria kasi. Gari analiona, anaona liko mbali, anaingia. Gari la kilomita 50 kwa saa, likifunga breki kwenye lami kavu, husimama baada ya mita 28 hivi ukihesabu na ile sekunde moja dereva anaposhtuka. La kilomita 30 husimama kwa mita kama 13. Basi mtoto atembee, lakini pale barabarani avushwe na mtu mzima, wewe au jirani mnayepokezana naye.

Anzeni Jumamosi, bila haraka ya kengele. Usitafute njia fupi, tafuta ile yenye pa kuvuka pachache. Kuzunguka dakika 5 ili mfike kwenye zebra ya kituo cha mwendokasi si hasara. Barabara hiyo huvukwa kwa vipande. Cha kwanza magari yanatoka kulia, kwa hiyo mtoto atazame kulia, kushoto, kisha kulia tena. Simameni kwenye kingo ya kati. Kwenye njia ya mwendokasi mabasi yanatoka pande zote mbili, na kuna bodaboda wanaojipenyeza humo wakienda kinyume. Hapo haijalishi unajua basi linatokea wapi, tazameni kote. Kipande cha mwisho magari yanatoka kushoto. Tembeeni, msikimbie, maana anayekimbia ndiye anayejikwaa.

Mtake mtoto aseme kwa sauti anachokiona: "Kulia kuna bajaji, inakuja, tungoje." Anayegeuza shingo kama feni bila kusema kitu hajatazama. Wiki ya kwanza uongoze wewe. Ya pili aongoze yeye na akwambie lini mvuke, huku umemshika kifundo cha mkono, vidole huchomoka. Ya tatu mfuate hatua 10 nyuma, lakini huko mitaani tu, si barabara kuu.

Halafu kuna daladala. Mtoto anashuka, anapita mbele ya gari lililosimama ili avuke. Bodaboda analipita daladala kwa upande wa kulia. Coaster ni refu kuliko mtoto, kwa hiyo hakuna anayemwona mwenzake mpaka wamekutana. Mfundishe asimame kando mpaka daladala liondoke kabisa, ndipo aanze kutazama. Hata konda akimwambia "pita, pita", asipite.

Nataka kumnunulia binti yangu wa miaka 9 baiskeli ya mtumba ya kwendea skuli, kilomita 3. Niangalie nini? Na sketi ndefu je?
*Baba, Fuoni, Unguja*

Kwanza kipimo. Baba wengi hununua kubwa "atakua nayo", na mtoto anaishia kuning'inia juu ya fremu. Mwende naye. Asimame katikati ya fremu, nyayo zote chini, na ibaki nafasi ya sentimita 3 hivi juu ya bomba. Kwa miaka 9 mara nyingi ni gurudumu la inchi 20 au 24, lakini miguu yake ndiyo iamue, si umri. Siti iwekwe chini kiasi cha yeye kugusa ardhi kwa sehemu ya mbele ya nyayo zote mbili. Akizoea, pandisha kidogo kidogo.

Kisha breki, na hapa usimwamini muuzaji. Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele: gurudumu la nyuma linapaswa kunyanyuka. Bana ya nyuma: gurudumu liburuzike, lisizunguke. Mwache mtoto abane mwenyewe, kwa sababu mikono ya breki za watu wazima iko mbali na vidole vyake. Nyingi zina skrubu ndogo ya kuisogeza karibu na hendeli. Fundi ataifanya kwa dakika moja. Mpira wa breki ushike rimu peke yake. Ukigusa tairi, utalila upande mpaka lipasuke. Na kwa kuwa Unguja hewa ina chumvi, waya wa breki ukiwa na kutu usiupake mafuta ukadhani umepona. Badilisha. Waya wenye kutu hukwama ndani ya ala yake, breki ikishika haiachii, au hukatika siku inapohitajika.

Cheni itiwe tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila pini, kisha ifutwe kwa kitambaa mpaka ionekane kavu. Mafuta mengi hukusanya mchanga, na mchanga husaga meno ya friwili.

Sketi ndefu haina shida ikiwa baiskeli ina kava kamili ya cheni na wavu kwenye gurudumu la nyuma. Baiskeli nyingi za kike za mtumba huja navyo. Usikubali fundi avitoe eti vinapiga kelele. Ncha za ushungi zichomekwe ndani. Mkoba ufungwe kwenye keria kwa kamba ya tyubu, usining'inizwe kwenye hendeli: unavuta usukani upande mmoja, na mkanda wake ukiingia kwenye spoki mtoto anapaa.

Barabarani mwendesha baiskeli hukaa kushoto, pamoja na magari. Mwenda kwa miguu pasipo njia ya pembeni hukaa kulia, akiyatazama yanayomjia. Watoto hupenda kuchanganya. Kwenye barabara kubwa ashuke, aikokote. Kwa umri huo mtu mkubwa aendeshe nyuma yake, si mbele, ili amwone.

Wazazi wa mtaa wetu wanataka watoto watembee kwa kundi. Watu wazima wangapi wanatosha?
*Mwalimu, Morogoro*

Mmoja kwa watoto 6 wa miaka 7 hadi 9. Kwa wa miaka 4 hadi 6, mmoja kwa 3. Hata kundi likiwa dogo wawe wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma, kwa sababu siku mtoto mmoja anapotapika njiani kundi lote hukosa mlinzi. Wazo hili alilisambaza David Engwicht wa Australia miaka ya 1990, na linaendeshwa kama basi: njia moja, vituo, na saa isiyobadilika. Mtoto asipokuwa kituoni, kundi halimsubiri. Ukianza kusubiri dakika 2 hapa na 3 pale, wa mwisho wote wanachelewa kengele. Mpange pia njia ya masika. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, kwa hiyo siku mtaro umejaa kundi lizungukie kwenye daraja au libaki nyumbani.

Mjukuu wangu hutoka saa 11 na nusu alfajiri. Nimpe tochi?
*Bibi, Tanga*

Shikamoo, bibi. Mpe, lakini tochi humsaidia yeye kuona. Dereva bado anakuta sweta la bluu iliyoiva ndani ya giza. Mwezi Julai jua la Tanga huchomoza kama saa 12 na nusu, maana yake anatembea safari nzima usiku. Nunua utepe unaong'aa taa ikiumulika, ule wanaobandika kwenye malori. Shona kipande nyuma ya mkoba, na viwili vizunguke vifundo vya miguu, juu ya soksi. Vya miguuni ndivyo muhimu zaidi: vinapanda na kushuka, na dereva akiona mwendo huo anajua papo hapo kuwa ni mtu, si chupa iliyotupwa kando ya barabara.