Kabla hujalipia sinthesaiza ya zamani, ifungue

Wengi wanaonijia wakitafuta sinthesaiza ya analogi, yaani kinanda kinachounda sauti kwa sakiti za umeme, wameshatekwa na sauti, nami siwalaumu. Bonyeza noti nne kwa pamoja kwenye Korg Polysix ya mwaka 1981. Kila noti inatoka kwenye osileta yake, sakiti inayozalisha mlio, na hakuna osileta mbili zinazolingana sawasawa, kwa hiyo unasikia kama waimbaji wanne waliosimama bega kwa bega. Ukitaka kuifumba sauti, nobu ya filta iko palepale mkononi. Mimi hadi leo raha hiyo haijaniisha.

Lakini ndugu yangu unayeanza, nenda na bisibisi. Polysix hutunza programu zake 32, yaani sauti zilizohifadhiwa ndani yake, kwa betri ndogo ya kuchaji iliyolehemewa kwenye bodi iitwayo KLM-367. Betri hiyo ikizeeka huvuja, na majimaji yake hula shaba. Ya kwanza niliyonunua ililia vizuri mbele ya muuzaji, nikalipa bila kuifungua. Miezi miwili baadaye vitufe vikaanza kujibonyeza vyenyewe. Nilipoinua kifuniko nilikuta ukungu wa kijani umetambaa kuizunguka betri, na njia za shaba zikibanduka kwa ncha ya ukucha tu. Nilikaa wiki tatu nikiziunga moja moja kwa waya mwembamba kama uzi.

Ukikuta imevuja kidogo tu, ing'oe betri, sugua kwa siki maana uvujaji ule ni alkali, kisha safisha kwa spiriti na uache pakauke kabisa. Muuzaji akikataa isifunguliwe, mwage.

Roland Juno-106 ya 1984 ina ugonjwa mwingine: chipu za 80017A, moja kwa kila sauti kati ya sita inazoweza kutoa kwa pamoja. Shikilia kitufe cha Key Transpose huku ukiwasha, kisha piga noti moja moja. Skrini itakuonyesha namba ya sauti inayolia. Inayokoroma au kukatika, chipu yake inakufa.

Soma pia kibandiko cha umeme nyuma. Zilizouzwa Japani ni za volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi zetu za 230 au 240 umeiunguza. Tafuta transfoma kwanza.

Na usihukumu tyuni dakika ya kwanza. Iwashe, kunywa chai, rudi baada ya nusu saa ikishapata joto.