Maswali yenu: mwani, simosi na yale maji ya kijani Igombe, Mwanza

Haya wadau, tangu zile video za akina mama wa Zanzibar na mwani wao zianze kuzunguka kwenye magrupu ya wasapu, maswali yamekuwa mengi mno. Nimechagua machache, yanayofanana nimeyaunganisha. Walioandika tu "naomba bei ya mbegu" bila kusema wako wapi wala wanataka kufanya nini sijawajibu, maana maswali ya namna hiyo ndo chakula cha matapeli.

SWALI: Sisi ni kikundi cha vijana Kayenze, tunataka kulima mwani Ziwa Victoria kama wanavyofanya Zanzibar. Kuna mtu anatuuzia mafunzo pamoja na mbegu. Tuanzie wapi?

Anzieni kwa kutompa hela huyo mtu. Mwani wa Zanzibar ni wa maji chumvi, kila lita ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35 na ziwa letu halifiki hata gramu moja. Ukiuweka mwani ule hapa, maji yasiyo na chumvi yanaingia kwenye seli zake, unavimba, unalainika, siku chache umeoza. Hamna mbolea wala "mbegu iliyozoeshwa" itakayobadilisha hilo. Alafu Paje na Jambiani wanafunga kamba kwenye vigingi maji yakiwa yamekupwa, wanarudi kuvuna baada ya wiki kama sita, sisi huku kupwa na kujaa hatuna, sasa mtapigilia vigingi saa ngapi?

Na mjue kile kilimo hakikuanza kwa video. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa anatafiti mwani wa pwani yetu tangu miaka ya 1970, anaeleza unaota wapi na unaweza kulimwa vipi, ndipo mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza Unguja kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Miaka yote hiyo ilikuwa ya kazi ya utafiti. Mtu anayewaambia mtavuna Kayenze baada ya semina ya siku mbili anawaibia.

SWALI: Mwani una faida gani kwetu sisi watu wa bara?

Kubwa sana tu, unautumia bila kujua. Dawa nyingi za meno na aiskrimu zinawekwa karajinani, kinachokamuliwa kwenye mwani kama huo wa Zanzibar, kazi yake ni kugandisha na kufanya kitu kiwe kizito. Na ukienda hospitali wakachukua mkojo au usaha wako "kuotesha" waone bakteria gani anakusumbua, ile jeli wanayooteshea ni agari, inatoka kwenye mwani mwekundu wa aina nyingine, na maabara za dunia zinaitumia tangu 1882.

SWALI: Dada yangu ameolewa Bwejuu analima mwani, anasema ule wa kotonii ncha zinageuka nyeupe unakatika unapotea majini. Wenzake wanasema amerogwa, wengine wanasema hoteli zinamwaga dawa. Ni nini?

Mwambie dada hajarogwa. Hiyo weupe ni ugonjwa unajulikana, wanauita aisi-aisi. Mwani ukipata shida, hasa maji ya kina kifupi yakichemka sana kwa jua au chumvi ikibadilika ghafla mvua kubwa ikinyesha, unadhoofika, bakteria wanaushambulia, nyama inakuwa nyeupe na laini mpaka wimbi likipita inakatika. Mara nyingi kuna na vile vinyuzi vya mwani mwingine vinavyoota juu yake vinaunyima mwanga. Kotonii ndo una bei nzuri lakini ndo laini zaidi kwa joto, spinosamu, aina nyingine ya mwani, unavumilia ila bei yake ni ya kukatisha tamaa, ndo maana wakulima wengi wa Unguja wamebaki na spinosamu.

Dk. Flower Msuya alifanya kazi hii miaka mingi pale Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar. Moja ya njia walizojaribu na wakulima ni kupeleka kotonii kwenye maji ya kina zaidi ambako hakuchemki, mwani unawekwa ndani ya nyavu za mfano wa bomba ili wimbi lisiubebe. Ugumu unaobaki ni kwamba wakulima wengi ni wanawake, wengi hawakufundishwa kuogelea na boti hawana, kwahiyo mtu akimwambia dada yako "hamia kina kirefu" amsaidie na chombo cha kufikia huko, vinginevyo anamtuma akazame.

Ninachopenda kwenye habari hii ni kwamba mtafiti na mkulima walisimama kwenye maji yale yale. Huku kwetu mtafiti anapima maji ya Ghuba ya Mwanza, anaandika, anachapisha nje, na anayechota ndoo Igombe hajui kama kuna mtu aliwahi kupima. Hilo linaniuma na ntalirudia hapo chini.

SWALI: Nguva yupo ziwani?

Hapana. Nguva ni wa bahari, wachache waliobaki kwetu wako upande wa Rufiji, Mafia na Kilwa.

SWALI: Mama ana goita. Kuna dada anauza simosi (jeli ya mwani) ya chupa hapa Buzuruga, anasema ina virutubisho 92 na itayeyusha uvimbe. Nimnunulie?

Usimnunulie, tena kama ameshaanza kunywa mpeleke hospitali wiki hii apimwe damu, awaambie na hicho anachokunywa. Mwani unabeba madini joto, wakati mwingine mengi sana, na kiasi kinabadilika kutoka chupa hadi chupa kutegemea ulivunwa wapi. Goita haziko aina moja. Ipo inayotokana na upungufu wa madini joto, na zipo ambazo ukiongeza madini joto unamwasha mtu moto, moyo unakimbia, anakonda, anatetemeka. Muuza chupa hajui mama yako ana ipi. Kwa mtu mzima kiafya, kiasi anachohitaji kipo kwenye chumvi yenye madini joto ambayo inauzwa kila duka la mtaani, nunua ile ya pakiti yenye maandishi.

Hiyo habari ya 92 ni maneno ya kuuzia, mwili wenyewe hauhitaji madini 92, mengine kwenye hiyo hesabu ni sumu. Mwani unafyonza kilichopo majini kizuri na kibaya, madini ya risasi na kadmiamu yakiwepo unayabeba pia. Na jeli iliyokaa juani Buzuruga bila friji ni chakula cha bakteria.

SWALI: Magugu maji ni mwani?

Sio. Ni mmea wenye mizizi na maua, asili yake Amerika Kusini, umeingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Mbawakavu walioletwa miaka ya 1990 waliupunguza sana lakini haujaisha, maana unakula mbolea ile ile inayolisha ukijani ninaoueleza sasa hivi.

SWALI: Hapa Igombe maji yamekuwa kijani kama mtu kamwaga rangi, asubuhi yananuka. Nikichemsha vizuri naweza kunywa?

HAPANA. Na naomba hili mlisambaze kuliko mlivyosambaza zile video.

Huo ukijani ni bakteria wanaotengeneza chakula kwa jua, mmoja wao mkubwa anaitwa Microcystis. Wana vipovu vya hewa ndani vinavyowaelesha, kukiwa shwari wanapanda juu, upepo mdogo unawasukuma wanarundikana ufukweni, ndo unaona kama rangi. Baadhi yao wanatengeneza sumu inaitwa mikrosistini inayoshambulia ini. Haijasikika Ulaya tu, ilipimwa humu humu Ghuba ya Mwanza, matokeo yakachapishwa mwaka 2005. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa ya kila siku yasizidi maikrogramu 1 kwa lita, kiasi ambacho huwezi kukiona wala kukionja.

Sasa kuchemsha. Kunaua kipindupindu na homa ya matumbo, endelea kuchemsha kwa ajili ya hayo, lakini hii sumu haifi kwa moto. Mbaya zaidi ukichemsha maji yenye ukijani unawapasua wale bakteria na sumu iliyokuwa ndani yao inamwagika kwenye sufuria. Kitambaa cha kuchujia nacho hakizuii sumu iliyokwisha yeyuka. Chota maji ya bomba au kisima kilichofunikwa. Kama huna njia nyingine, nenda uchote mbali na ufukwe ambako maji hayana utando, usichote upande upepo unakosukumia. Watoto wasiogelee humo, ng'ombe na mbwa wasinywe. Samaki wa hapo mtoe utumbo na ini utupe, huko ndiko sumu hujikusanya zaidi, samaki aliyekutwa anaelea usimguse kabisa.

Hujauliza kwanini lakini ntasema. Ziwa linalishwa kupita kiasi. Fosforasi na naitrojeni zinatoka kwenye vyoo vinavyofunguliwa mvua ikinyesha, kwenye Mto Mirongo unaopita katikati ya jiji na kila kitu chetu ndani yake, kwenye udongo wa milima tuliyoinyoa miti, hata kwenye vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa. Mwaka 1927 mtafiti Michael Graham alizunguka ziwa hili kupima, sahani nyeupe ikishushwa majini ilionekana mita kadhaa chini. Miaka ya 1990 sehemu nyingi za Ghuba ya Mwanza ilipotea kabla ya mita 2.

Na furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wanalijua hilo kuliko sisi. Kuna furu mwekundu wa kwenye miamba aliyepewa jina la Mwalimu, Pundamilia nyererei, na ndugu yake wa rangi ya bluu. Jike anachagua dume kwa rangi. Kwenye maji maangavu ya kisiwa cha Makobe wanakaa kila mtu na ukoo wake, kwenye maji machafu ya Luanso ndani ya ghuba jike haoni rangi vizuri, wanachanganyika, aina mbili zinakuwa moja. Utafiti huo ulitoka 1997, umefundishwa vyuo vya dunia nzima, nenda pale mwaloni Kirumba uulize nani anaujua. Tunasema sangara kawamaliza furu, kweli kala wengi, lakini maji machafu tumeyaleta wenyewe na tunaendelea kuyaleta leo.

SWALI: Spirulina si ni hiyo hiyo ya kijani? Nikichota ufukweni nikakausha nikasaga si nauza?

Nimejibu hili mara nyingi na bado linakuja. Utaua mtu. Spirulina inalimwa kwenye mabwawa yanayosimamiwa, maji ya magadi ambayo bakteria wengine hawayawezi. Ya ufukweni Igombe ni ile ile ya sumu niliyoeleza hapo juu, na kuikausha juani hakuiondolei sumu.

SWALI: Nina vizimba vya sato Luchelele. Nimeamka alfajiri nakuta samaki wengi wamekufa, jioni walikula vizuri. Namshuku jirani kaweka sumu, nimshtaki?

Pole sana kaka, najua mtaji wa chakula cha samaki ulivyo. Lakini kabla ya polisi angalia saa. Mchana ule ukijani unatoa oksijeni, usiku unaivuta wenyewe, kwahiyo oksijeni ya maji yenye ukijani mwingi inashuka chini kabisa alfajiri, muda huo huo uliokuta wamekufa. Jambo la pili ni upepo. Kuanzia kama Septemba hadi Aprili maji ya chini ya ziwa yanakaa tabaka lake bila oksijeni, dhoruba ikija inaweza kuyasukuma mpaka ghubani, na mwezi wa sita hadi wa nane ziwa lote linachanganyika. Kama usiku ule upepo ulivuma na hata samaki wa nje ya vizimba wamekufa, jirani hana kosa.

Wakati mwingine ukiona hali hiyo chukua maji kabla jua halijapanda, chupa safi ijae mpaka juu bila hewa, iweke kwenye barafu, na samaki wawili waliotoka kufa, wapeleke TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi) Nyegezi asubuhi hiyo hiyo. Ukienda mchana oksijeni itakuwa imesharudi na hamna watakachokiona. Na punguza chakula cha jioni, kinachobaki kinazama na kuoza chini ya vizimba vyako mwenyewe.